Tupeane uzoefu: kwanini mbu wanamganda mtu mmoja na kumuacha aliyelala naye kitanda kimoja?

Mtu wa Mbagala (mwanzisha mada)

Wadau habari zenu. Naamini karibu kila familia ina mtu wake wa mbu, kwetu ni mke wangu. Jioni umeme ukikatika tunatoka wote barazani, watoto, wapangaji, majirani, lakini anayejipiga miguu muda wote ni yeye, wengine tunaongea kama kawaida. Usiku mkono wake ukiegemea neti, asubuhi ule mkono una mabaka kuanzia kiwiko mpaka vidole, mimi upande wangu naegemea hivyo hivyo sina hata alama. Majirani wanamwambia una damu tamu wewe. Sasa mbu ataujuaje utamu wa damu ambayo hajaionja, na yuko bado nje ya dirisha? Kuna kitu kingine kinamuita.

Nimekuwa nikisoma sana hii kitu maana malaria imemsumbua mke wangu kuliko mtu yeyote pale nyumbani. Nilichoelewa, anayeuma ni jike tu, anataka damu ili atengeneze mayai, dume anaishi kwa maji ya maua tu. Jike akiwa mbali anafuata pumzi, ile hewa ukaa tunayoitoa, kwahiyo mtu mwenye mwili mkubwa anajulikana mapema. Akisogea karibu anafuata joto na harufu ya ngozi, na hapo ndo penyewe, maana hiyo harufu inatengenezwa na bakteria wanaoishi kwenye ngozi pamoja na jasho na mafuta ya mtu, na kila mtu ana ya kwake hata kama mmeoga sabuni moja. Mwaka 2022 watafiti wa chuo cha Rockefeller kule New York waliwavalisha watu soksi za nailoni mikononi, wakawapa mbu wa dengi zile soksi wachague. Kuna mtu mmoja soksi zake zilivuta mbu kama mara 100 kuliko yule waliyempenda kidogo kabisa, na wakarudia rudia kwa zaidi ya mwaka bado anayependwa ni yule yule. Wanaopendwa walikuwa na asidi nyingi za mafuta kwenye ngozi.

Karibuni, kila mtu aseme kwao nani anaumwa na mbu na amefanya nini kikasaidia.

Mkilombero

Mkuu mimi hili nimelishuhudia kazini. Huku bonde la Kilombero vijana wengi tumefanya kazi na watafiti wa mbu, ile ya kukaa usiku suruali umekunja mpaka magotini, tochi mkononi, mbu akitua mguuni kabla hajauma unamvuta kwa mrija wa mdomo afu unampuliza kwenye kikopo cha karatasi kilichofungwa neti juu, kila saa kikopo chake kimeandikwa saa. Tunapewa dawa za kinga na tunapimwa. Basi kuna jamaa nilikuwa napangwa naye, ukisogeza sikio kwenye kikopo chake unasikia kinavuma, mbu wamejaa wamejishika ubavuni mwa karatasi hakuna nafasi, changu cha saa ile ile wamo wachache unawahesabu kwa jicho. Mtu atasema ni nyumba aliyokaa, labda iko karibu na majaruba. Kesho yake tunabadilishana nyumba, mbu wanahamia kwangu? Wapi! Wamemfuata yeye. Ndo maana wasimamizi hawakubali mtu akae nyumba moja siku zote, wanawazungusha, wanajua mtu mwenyewe ana uzito kwenye hesabu kuliko nyumba.

Kingine nilichokiona, hawa mbu wa malaria ukikaa kwenye kiti wanashuka chini kabisa, kifundoni na unyayoni. Kuna Mholanzi anaitwa Bart Knols alilifanyia kazi hilo miaka ya 90, akaonyesha harufu ya miguu inawavuta, mpaka ile jibini ya Limburger inayonuka kama miguu iliyovuliwa viatu nayo iliwavuta. Na mwaka 2010 Fredros Okumu, mtafiti wa taasisi ya afya ya Ifakara, na wenzake walitoa matokeo ya harufu ya mtu waliyoitengeneza wenyewe, hewa ukaa na amonia na asidi asidi, ikiwekwa kwenye kibanda peke yake ikavuta mbu mara 3 mpaka 5 kuliko mtu aliyelala kibanda kingine. Ila wakiwekwa kibanda kimoja na mtu, ile harufu haimshindi mtu. Hiyo kazi imefanyika hapa hapa kwetu, watu waijue.

Doto wa Sengerema

Kwetu sisi ni mapacha wa kufanana, mimi na Kulwa wangu. Tangu utoto wote wawili mbu wanatutafuna sawa sawa, mama alikuwa anatupaka mafuta ya taa miguuni tukienda kuchota maji jioni (msifanye hivyo kwa watoto jamani, ngozi inaungua), ila Shija aliyetufuata analala hapo hapo katikati yetu mkeka mmoja anaamka mzima. Baadaye nikaja kusoma kwamba Waingereza wa London 2015 walijaribu kwa mapacha, wa kufanana wakakuta wanavutia mbu kwa kiwango kinachokaribiana, wasiofanana wakatofautiana zaidi. Kwahiyo hii kitu kwa sehemu kubwa tunazaliwa nayo.

Binti Muheza

Mimi nilikuwa mtu wa kawaida tu, naumwa kama wengine. Mimba ilipofika miezi sita ndo nikaanza kuona maajabu, nikikaa jikoni tunapika na mawifi mimi ndo nawapiga, nikienda chooni usiku nikirudi nimeumwa mapajani, nikawa nahisi hata wananifuata tumboni kupitia kanga. Mama mkwe akasema ni mtoto ndo ana damu nzuri. Nilipojifungua ikapungua ikaisha. Je hii imemtokea mwingine au ni mimi peke yangu?

Nesi wa Zamu

Dada Binti Muheza hauko peke yako hata kidogo, na nitaandika kidogo kwa urefu maana hili nalijali sana. Mwaka 2000 yalitoka matokeo kutoka Gambia, wajawazito walivutia mbu wa malaria mara mbili ya wanawake wasio na mimba. Walipopimwa wakakutwa wanatoa pumzi zaidi kwa asilimia 21 na tumbo lina joto zaidi kwa nyuzi 0.7. Halafu wakagundua na hilo la chooni ulilolisema, mjamzito anatoka ndani ya chandarua usiku kwenda kukojoa mara nyingi kuliko mwenzake, na kila akitoka anaumwa. Sasa mama huyu ndo ambaye malaria ikimpata inaingia kwenye kondo la nyuma, mtoto anazaliwa na uzito mdogo, mama anaishiwa damu. Halafu unakwenda nyumbani kwa watu unakuta chandarua tulichompa kliniki amekiweka mume kitanda chake, au kimefunikia vifaranga. Wanaume mnaosoma hapa, mkeo akiwa mjamzito yeye alale ndani ya chandarua kuanzia giza linapoingia, awekewe ndoo au poti ndani karibu na kitanda asitoke nje usiku, na zile dawa za SP za kuzuia malaria anazopewa kliniki azimeze pale pale mbele ya nesi.

La pili watu wengi hawalijui. Kenya magharibi mwaka 2005 watafiti walitoa matokeo ya watoto, wale waliokuwa na vimelea vya malaria vya ile hatua ya kuambukiza mbu walivutia mbu kama mara mbili ya wenzao, na walipotibiwa wakawa sawa na wengine. Maana yake kimelea chenyewe kinamsaidia mbu aje achukue. Mtoto wako akiwa ghafla anaumwa na mbu kuliko ndugu zake, wala haonekani kuumwa homa, mpeleke akapimwe haigharimu kitu kikubwa.

Mkinga Dar

Mimi nimezaliwa Makete, kule baridi mbu unaweza usimuone kabisa. Nilipokuja Dar kusoma tulipanga chumba wanne Manzese, wenzangu wote wa pwani. Asubuhi mimi nina mavimbe kama majipu, yanawasha mpaka yanatoa maji, wao ngozi safi. Nikasema mbu wa Dar wananijua mimi mgeni.

Nesi wa Zamu

Pole mdogo wangu. Hapo tutofautishe kuumwa na kuvimba. Mbu akichoma anatema mate ndani yasiache damu igande, na mwili ambao haujayazoea hayo mate unayapiga vita, ndo uvimbe na muwasho. Aliyekulia nayo mwili umeshanyamaza. Wale wenzako inawezekana waliumwa vile vile bila alama. Hili ni la hatari kweli kweli, maana mtu anasema mimi mbu hawaniumi sihitaji neti, kumbe wanakula usiku kucha na hajui. Na mabaka yako yakitoa maji usikune, osha kwa maji ya baridi na sabuni, paka kalamini.

Mzee wa Chekereni

Huku Moshi vijijini kwenye skimu za mpunga mbu si wa kuuliza. Nilichokiona mimi ni kilabuni. Wanaokunywa mbege wanakaa hapo mpaka saa mbili tatu usiku wanajipiga piga, sisi wa soda tuko benchi lile lile shwari. Kijana wangu akanionyesha utafiti wa Burkina Faso wa 2010, watu walipewa pombe yao ya mtama inaitwa dolo, baada ya kunywa mbu wa malaria wakawapenda zaidi, waliopewa maji hakuna kilichobadilika. Afu mlevi harudi nyumbani akachomeka chandarua, analala alivyo.

Wa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Mie niko na damu ya O na niliambiwa O ndio mbu wapenda. Mume wangu ni B na haumwi. Kisha huku kwetu mchana ndio balaa, wale wadogo weusi wenye madoa meupe miguuni, nikivaa buibui nikae uani wanakuja kama wameitwa.

Mtu wa Mbagala

Dada yangu wa Kisauni, la damu O linatoka Japani, 2004 walikuta mbu wa aina ya huyo huyo wa mchana alitua kwa O zaidi kuliko A. Ila tafiti nyingine hazijakubaliana, na mbu wa malaria ni mwingine tabia zake nyingine, kwahiyo mimi nisingeweka uzito hapo. Kwenye buibui uko sahihi kabisa. Mbu wa mchana akishanusa pumzi anatumia macho, na rangi nyeusi na nyekundu zinamvuta. Ukiwa uani jifunge leso nyeupe juu na umwage maji yote kwenye makopo, vifuu na matairi, huyo hazai mbali na nyumba. Dar tulipata dengi 2014 na 2019 kwa huyo huyo.

Mke wangu kilichomsaidia ni feni, tunaiweka chini iwapige miguu. Mbu hana nguvu ya kuruka kwenye upepo na ile pumzi na harufu inatawanyika asijue atokee wapi. Umeme ukikatika ndo tunarudi kwenye dawa ya kupaka yenye DEET, ile kemikali ya kufukuza mbu, na soksi nene. Vitunguu saumu alikula mpaka watoto wakakimbia harufu, mbu hawakujali, na vidonge vya vitamini B vivyo hivyo. Aliyetumia kivumbasi atuambie, maana bibi yangu Kisarawe alikuwa anakiamini sana.

Binti Muheza

Kivumbasi huku tunatumia, kinasaidia kwa muda. Unachukua kibichi, unakisugua kwenye viganja mpaka majani yatoe maji, unajipaka miguuni na kingine unakining'iniza dirishani upande upepo unapoingilia. Kikishanyauka harufu inaisha na mbu wanarudi, kwahiyo cha saa moja jioni hakikufikishi usiku wa manane, ukiingia kulala chomeka neti. Na kioteshe karibu na jiko la nje pale mnapokaa jioni, hakitaki maji mengi.