Mawakala wa meli za Karibiani, acheni kuwaambia watu "kila kitu kimeshalipiwa"

Wakuu, leo mnivumilie. Matangazo yamejaa tena kwenye magrupu ya WhatsApp: meli kubwa, usiku saba Karibiani, kuondokea Miami, "dola 700 tu, humo ndani ni kula na kunywa bure". Hizo dola 700 ni za mtu mmoja kati ya wawili wanaolala chumba cha ndani kisicho na dirisha. Ukienda peke yako, mara nyingi unalipia na kitanda kisicholaliwa. Kodi na ada za bandari wakala anakutajia siku ya kulipa. Nauli ya ndege na hoteli ya Miami hazimo kabisa.

Haya, tuhesabu. Bakshishi ya wahudumu inakatwa kila siku kwa kila kichwa, mtoto na mkubwa, kwa kawaida kati ya dola 16 na 20 kwa chumba cha kawaida. Familia ya watu wanne, usiku saba, kwa dola 18, ni dola 504. Wapo wajanja wanaowafundisha wenzao waende kaunta wakaifute. Huko ni kumkata mtu anayefanya kazi siku saba kwa wiki, mkataba wa miezi sita hadi tisa, na kati yao siku hizi wamo vijana wetu wa Mombasa. Iwekeni kwenye bajeti kabla hamjaondoka nyumbani, basi.

Vinywaji ndiko uongo ulikolala. Cha bure ni maji, chai, kahawa ya kawaida na juisi ya asubuhi pale bufee. Soda, bia na kahawa za mashine ni pesa. Kokteli ya dola 14 inaongezwa huduma ya asilimia 18, inakuwa dola 16.52, halafu unaletewa risiti ya kusaini yenye mstari mtupu wa bakshishi. Mstari huo uache hivyohivyo, umeshalipa hapo juu. Kifurushi cha vinywaji nacho kina mtego wake: kampuni nyingi zinadai watu wazima wote wa chumba kimoja wanunue. Mume anataka bia zake nne, mke pombe hagusi, wanalipishwa wote wawili kwa kila siku ya safari. Maji ya chupa msinunue kabisa. Meli inatengeneza maji yake kutoka baharini kwa mitambo ya kuvukiza na kuchuja, na ya bomba la chumbani yananyweka.

Halafu kuna kadi. Kwenye baa na maduka ya meli hakuna anayepokea taslimu, kila kitu kinaandikwa kwenye kadi ya chumba iliyofungwa na kadi yako ya benki. Ukiweka kadi ya debiti, kampuni inashikilia kiasi fulani cha pesa yako, na inaweza kushikilia tena kadiri unavyotumia. Pesa hiyo haijakatwa, ila huwezi kuigusa, na benki inaweza kuchukua siku kadhaa kuiachia baada ya safari. Mtu anashuka Miami anataka kulipa teksi, kadi inakataa. Tumia kadi ya mkopo, au nenda kaunta siku ya kwanza ukaweke taslimu kwenye akaunti yako.

Simu: iweke kwenye hali ya ndege kabla meli haijaacha gati. Meli ina mnara wake wa simu unaopitia setilaiti, na kifurushi chako cha kutumia nje ya nchi kwa kawaida hakiuhesabu. Ukisahau tu, simu inajiunga yenyewe na bili inakufuata hadi nyumbani. Intaneti ya meli inauzwa kwa siku na kwa kifaa. Iliyonunuliwa kabla ya safari huwa rahisi kuliko ya kununulia ndani.

Plagi yetu ya pini tatu bapa, hii ya Kenya na Tanzania, haiingii. Soketi ni za Kimarekani, volti 110, na kwenye meli nyingi ipo moja au mbili ya pini mbili za mviringo ya volti 220. Beba adapta ya kawaida. Ekstensheni yenye kinga ya kupanda kwa umeme itachukuliwa kwenye ukaguzi, na pasi ya nguo pia, kwa sababu moto ndicho kitu meli inakiogopa kuliko vyote. Kuta za chumba kwa kawaida ni chuma, kwa hiyo kulabu za sumaku zinashika vizuri kwa kutundikia nguo mbichi.

Kuchagua chumba mawakala hawafundishi kwa sababu bei ikiwa chini zaidi ndiyo inauzika. Ile bei ya chini kabisa maana yake kampuni ndiyo itakuchagulia chumba. Unaweza kupewa chini ya sitaha (ghorofa ya meli) ya bwawa, ambako viti vinaanza kuburutwa alfajiri, au juu ya ukumbi wa muziki, au omo kabisa, yaani mbele ya meli, unakosikia mitambo ya kusukuma meli kando ikinguruma wakati wa kufunga gati. Fungua ramani ya sitaha, tafuta chumba chenye vyumba juu yake na vyumba chini yake. Anayetapishwa na bahari akae katikati ya meli, sitaha za chini. Omo na tezi (nyuma ya meli) hupanda na kushuka zaidi. Na choo cha humo kinavuta kwa hewa. Kitambaa kimoja cha kufutia mtoto kinatosha kuziba bomba linalohudumia vyumba vya jirani pia, na hapo fundi anasubiriwa na watu wengi kwa pamoja.

Watu je? Icon of the Seas, iliyoanza safari Miami Januari 2024, ina tani 248,663 za ujazo (si uzito) na inachukua abiria 5,610 wakihesabiwa wawili kwa chumba, bado wafanyakazi 2,350. Huo ni mji mdogo wenye lifti. Siku ya baharini, saa mbili asubuhi viti vya bwawani vimeshatandikwa taulo, na wenyewe wako kwenye mayai. Sheria za meli nyingi zinasema kiti kilichoachwa nusu saa au zaidi vitu vyake viondolewe. Mwite mhudumu aondoe yeye, usiguse wewe. Taulo yako ya bluu irudishe, isiporudi inaingia kwenye bili.

Sasa bandari, na hapa ndipo Mtanzania yeyote anapaswa kukasirika. Kabla ya Nassau (Bahamas), Cozumel (Meksiko) au Charlotte Amalie (Visiwa vya Virgin vya Marekani), anapanda jukwaani mtu wa "ushauri wa manunuzi" na kugawa ramani ya maduka "yaliyopendekezwa". Maduka hayo yamelipia kuwemo. Na jiwe wanalolisukuma kwa nguvu ni tanzanaiti, jiwe la Mererani kwetu Simanjiro, lisilochimbwa kwingine duniani! Muuzaji atakuapia kwamba mgodi unakaribia kuisha kwa hiyo nunua leo leo. Ile bangili ya bure ya kwenye kuponi ni ya kukufikisha kaunta tu. Kama lazima ununue, jua haya. Karibu tanzanaiti zote zimepashwa moto, zilikuwa za kahawia zikawa za bluu, na hiyo si kasoro. Thamani iko kwenye rangi: bluu iliyokolea inayoelekea zambarau ndiyo ya bei, na vijiwe vidogo mara nyingi huwa vimepauka. Jiwe hili ni laini ukilinganisha na yakuti, pete ya kuvaa kila siku jikoni litachubuka. Dai cheti cha maabara huru. Kile kinachochapwa na duka lenyewe ni karatasi tu.

Muda nao unaua watu. Saa ya meli na saa ya kisiwa zinaweza kupishana saa nzima, na simu yako inafuata kisiwa. Vaa saa ya mkono, iache kwenye saa ya meli. Kupanda kunafungwa nusu saa au zaidi kabla ya kuondoka. Ziara iliyouzwa na meli ikichelewa, kwa kawaida meli inakungoja. Ukipanda teksi ya mtaani ukakwama, unaiona inaondoka na nauli ya kuifuata bandari inayofuata ni yako. Siku ya kwanza vilevile: orodha ya mwisho ya abiria lazima iwafikie maofisa wa mipaka wa Marekani dakika 60 kabla ya safari, ndiyo maana kaunta inafungwa mapema. Anayetua Miami asubuhi ileile anacheza kamari.

Viza nayo! Wenye pasipoti zetu, viza ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Ukishafika Bahamas umetoka Marekani, kurudi Miami ni kuingia upya. Wakala asiyekuuliza swali hili kabla ya kupokea pesa yako, mkimbie. Ukizuiwa gatini hakuna anayekurudishia.

Kwenye mkataba wa tiketi imeandikwa kampuni inaweza kuruka bandari yoyote, na unachorudishiwa kwa kawaida ni kodi ya bandari hiyo. Msimu wa vimbunga ni 1 Juni hadi 30 Novemba, sasa mnaelewa kwa nini Septemba ni rahisi. Ukiumia, mikataba mingi inataka taarifa ya maandishi ndani ya miezi sita, kesi ndani ya mwaka mmoja, tena mahakama za Florida. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishakubali kifungu hicho cha mahakama za Florida mwaka 1991. Na daktari wa meli analipwa hapohapo, bima unaidai mwenyewe baadaye. Bila bima ya safari inayolipia kuhamishwa kwa helikopta, usipande.

NYONGEZA, kwa mnaouliza hapo chini:

Halali: usitegemee bufee. Omba kwa maandishi wiki kadhaa kabla, kisha siku ya kwanza mtafute msimamizi wa ukumbi wa chakula umkumbushe. Supu na mchuzi wa "mboga" uliza umechemshwa na nini.

Kuharisha: sanitaiza ya spiriti haiviwezi vizuri virusi vya noro. Sabuni na maji, sekunde 20, kabla ya kushika kijiko cha bufee. Wakaguzi wa afya wa Marekani wanazipa meli alama zenye jumla ya 100, na 85 kushuka chini ni kufeli. Alama ziko wazi mtandaoni, tafuta jina la meli yako kabla ya kulipa.

Mabegi: usiku wa mwisho yanawekwa nje ya mlango, kama saa nne hivi, na unayaona tena gatini asubuhi. Bakiza suruali na viatu vya kesho. Kila safari wapo wanaopita mbele ya ofisa wa uhamiaji na bukta ya kulalia.