"Kitambi kwanza, milimita baadaye": yule muuza raba leo kanivunjia heshima

Wakuu, natoka Kariakoo sasa hivi, niko kwenye daladala naandika huku vidole vinatetemeka kwa hasira. Yule muuza raba mnamjua. Yule yule wa duka la kona lenye feni isiyozunguka, anayeita kila mteja "bosi" mpaka umuulize swali.

Nimemuuliza swali la mtu mzima: "Hii dropu yake milimita ngapi?" Yaani kisigino kimeinuka kiasi gani kuliko upande wa vidole. Mimi nimezoea 10. Ukitoka 10 ukarukia 4 kwa pupa, vigimbi na mshipa wa kisigino vitakunyima usingizi. Mtu anajiandaa na nusu marathoni ya Moshi, asiulize?

Jamaa kaniangalia kuanzia kichwani, macho yakatua tumboni, yakaweka kambi. Kisha akasema kwa sauti ya kuitia abiria wa Mbagala: "Bosi, kitambi kwanza, milimita baadaye."

Duka zima kicheko. Dada wa kaunta aliweka soda chini ili acheke kwa nafasi. Hata raba za kwenye shelfu zilicheka, naapa. Kitambi kwanza! Mimi, nimeshika hela mkononi!

Na kiatu chenyewe anakisifia kina "kaboni". Nimekishika, kimejikunja katikati kama chapati. Kiatu chenye bamba la kaboni kinagoma kukunjwa, hiyo ndiyo kazi ya bamba! Nikamwambia navaa 8 ya Uingereza, akaleta 8 ya Marekani, eti "nane ni nane". Kwa kampuni nyingi hiyo ni kama 7 ya Uingereza. Lebo kwenye ulimi wa kiatu imeandika zote mbili, asome basi!

Hayo yote ningemsamehe. Lakini kitambi kwanza? Mbele ya yule dada wa soda?

Mzee_wa_Mwendo: Siti ya mbele. Mleta uzi weka picha ya kitambi tupime milimita.

BintiTandale: Huyo huyo aliniambia mguu wangu ni wa ndala. Nilikuwa na mchumba pembeni. Namchukia mpaka kesho.

Kobe Mkavu: Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma 1960 peku. Wewe unalilia dropu.

Mleta uzi: Na Tokyo 1964 akashinda tena akiwa na viatu, kwa muda bora zaidi. Shirikisho la riadha la dunia limeweka kikomo cha unene wa soli, milimita 40 kwa mbio za barabarani. Wanapima kwa sababu zina maana! Halafu hilo si tatizo. Tatizo ni KITAMBI KWANZA!

Kobe Mkavu: Sawa mkuu, ila kipo au hakipo?

Mzee_wa_Mwendo: 😂😂😂 Uzi ufungwe.

Mama Kijacho: Mwacheni, ana haki ya kuuliza. Mie nilinunua mtumba ya kukimbilia, juu inang'aa mpya, soli ya kati imekufa ganzi. Ukiibonyeza kwa dole gumba hairudi. Nilimwambia muuzaji, akasema "itaamka ukikimbia".

Dogo wa Temeke: Afadhali nyie. Mie nimeuziwa godoro la inchi 8, limelala likawa 5. Nikilala nasikia chaga zinanisalimia.

BintiTandale: Godoro usiangalie inchi peke yake, uliza uzito wa sponji.

Dogo wa Temeke: Niliuliza, dada yangu, muuzaji akaniambia "lilalie kwanza".

Mama Kijacho: Wote chuo kimoja hao.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Mbele ya dada wa soda!!

Mzee_wa_Mwendo: Subiri mkuu, kuna mtu ana shida ya maana hapa. Dogo, hilo godoro umelinunua mtaa gani? Nahama Jumamosi.