"Shetani wewe!" Miles alimwambia nani?

Muulizaji (Morogoro)
Habari wakuu. Namsomea mdogo wangu *The Turn of the Screw* ya Henry James, ile ya 1898, natafsiri papo hapo maana Kiingereza chake kizito. Jana usiku tumefika mwisho, nikakwama. Miles, mtoto anayefundishwa na mwalimu wa nyumbani anayeamini mizimu inawaandama watoto, anauliza "Is she here?", nami nikasema "Yupo hapa?" Mdogo wangu akajua anaulizwa Quint, yule mtumishi wa kiume aliyekufa. Kumbe mtoto anamdhania Miss Jessel, mwalimu wa zamani, naye marehemu! "Yupo" yetu imeficha kama ni mwanamume au mwanamke. Halafu analipuka: "Peter Quint, shetani wewe!" Shetani ni Quint, au ni mwalimu aliyemkumbatia?

Jibu (Tanga)
Ni Quint, mkuu. Mwalimu hakuwahi kumjua, lakini alimweleza barabara: hana kofia, nywele nyekundu za kujikunja, uso mrefu uliopauka, amevaa nguo zisizo zake. Jina kalitaja Bi Grose, msimamizi wa nyumba. Utaotaje sura ya marehemu usiyemjua?

Jibu (Mombasa)
Hapo kwenye nywele ni pagumu hata kwa sisi tunaomfuata mhakiki Edmund Wilson, aliyeandika mwaka 1934 kwamba mizimu imo kichwani mwa mwalimu. Lakini rudi sura ya pili. Bi Grose anasema "yeye" alipenda wasichana wabichi, kisha anajisahihisha haraka: namaanisha bwana mkubwa. Mwalimu anauliza palepale, ulianza kumsema nani? Kwa hiyo alishajua kuna mwanamume mwingine kabla hajamwona yeyote.

Na lile dirisha la chumba cha kulia! Baada ya kumwona Quint, mwalimu anakimbia nje, anasimama pale pale aliposimama Quint, anachungulia. Bi Grose anaingia, anamwona, anabadilika rangi kwa hofu. Safari hii anayetisha dirishani ni mwalimu mwenyewe. Mimi nasema shetani ni yeye.

Muulizaji
Asante sana, nyote wawili. Nimelifungua tena lile neno la mwisho. Baada ya "shetani wewe" Miles anazungusha macho chumba kizima, anauliza "Wapi?" Jana nililiruka, nikaona ni dogo. Leo nimemsomea mdogo wangu polepole, akanishika mkono: "Kaka, mbona haoni kitu?" Sikumjibu. Kesho tunaanza upya ukurasa wa kwanza, na safari hii kila "yeye" nitamwambia ni he au she.