Mota ya kuchapa kuta kwa mashine ya 3D: inalala tabaka la tisa, mpira unaziba

Mchanga_wa_Sabaki (Malindi)

Assalaamu aleikum wajuzi. Tuko kwenye utafiti mdogo wa kuchapa kuta kwa saruji hapa Malindi, na mota (saruji, mchanga na maji) inatushinda. Vipimo ni hivi:

Pampu ya skrubu, mpira (bomba laini la kupitishia mota) wa kipenyo cha mm 25 na urefu wa mita 4, mdomo wa duara wa mm 20. Tabaka moja lina urefu wa mm 10 na upana wa mm 40. Kipande cha majaribio ni boksi la sm 90 kwa sm 90 na mdomo unakwenda mm 80 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja ni sekunde 45.

Fungu moja: saruji ya daraja la 42.5 kilo 10, mchanga wa mto Sabaki kilo 20 (umepita chekeche ya mm 5), maji lita 4.5, supaplastisaiza (dawa ya kulainisha mota bila kuongeza maji) gramu 100.

Tatizo la kwanza: tukifika tabaka la nane au la tisa, la chini kabisa linatanuka kutoka mm 40 hadi 55 hivi na ukuta unakaa chini kama uji. La pili: siku ambazo mchanga umekauka vizuri tunavuka la tisa, lakini mpira unaziba tukianza fungu la pili. Riomita (kifaa cha kupima ugumu wa mota) hatuna. Tunataka kujua pia kama vumbi la mawe ya matumbawe kutoka machimboni linafaa kupunguza saruji.

Ungo_na_Mizani

Waaleikum salaam. Umefanya jambo la maana kupima lile tabaka la chini, maana linatofautisha magonjwa mawili. Ukuta ukilala huku tabaka la chini limebaki na upana wake ule ule, huo umepinda kwa wembamba, na dawa yake ni umbo. Wa kwenu umepondeka chini, yaani mota haijashika vya kutosha kubeba uzito ulio juu yake. Dawa yake ni mchanganyiko na muda.

Riomita si lazima. Elekeza mdomo chini, uinue juu ya ndoo, upige pampu polepole. Mota itatoka kama soseji, itarefuka, itabana kiuno, kisha itakatika yenyewe kwa uzito wake. Kila kipande kinachokatika ni kidonge kimoja. Pima vidonge 20, tafuta wastani, halafu:

uzito wa kidonge (kilo) × 9.81 ÷ eneo la mdomo (mita za mraba) ÷ 1.73 = ugumu wa mota kwa Paskali

Mdomo wa mm 20 una eneo la mita za mraba 0.000314. Lete wastani wako hapa tupige hesabu. Vidonge visilingane? Kimoja gramu 20, kingine 45? Basi mota haijachanganyika sawasawa, na kabla ya kitu kingine rudi kwenye mashine ya kuchanganyia.

Mchanga_wa_Sabaki

Tumepima vidonge 20: wastani ni gramu 30. Vingi viko kati ya 27 na 33.

Ungo_na_Mizani

Safi. 0.030 × 9.81 ÷ 0.000314 ÷ 1.73 inakupa Paskali 540 hivi. Huo ndio ugumu wa mota ikiwa mbichi, dakika ile inapotoka mdomoni.

Sasa tazama mzigo. Mota ina kilo 2,100 hivi kwa mita ya ujazo. Kila tabaka la mm 10 linaongeza Paskali 206 juu ya tabaka la chini, na ukigawa kwa 1.73 unapata 119. Hicho ndicho mota inachodaiwa kwa kila tabaka. Tabaka tisa ni Paskali 1,070, na hapo ndipo ukuta wako unapoketi. Kwa hiyo ukuta wenyewe umekupimia: mota ilianza na 540, na baada ya tabaka tisa za sekunde 45, karibu dakika saba, imefika 1,070 tu. Inaongezeka Paskali 1.3 kwa sekunde, sawa na 58 au 59 kwa tabaka. Inadaiwa 119, inalipa 59. Ile akiba ya mwanzo ya 540 ndiyo inayofidia deni, na inakwisha kwenye la tisa.

Watu wengi hapa hukimbilia kukaza mota. Jaribu uone: ukiipandisha mwanzo hadi 900, kwa kasi ile ile unafika tabaka la 15 tu, na pampu inaanza kulia. Lakini ukirefusha mzunguko kutoka sekunde 45 hadi 90, mota inalipa 117 kwa tabaka dhidi ya deni la 119. Akiba inakuwa haipungui, na kupondeka kwa chini kunaacha kuwa tatizo kwa urefu wowote utakaochapa mezani.

Usirefushe kwa kupunguza mwendo pekee. Chora ukuta wa ngozi mbili na zigizaga katikati yake. Njia inakuwa ndefu, muda unapatikana, na ile zigizaga inazuia ukuta kupinda. Ukuta mmoja mnyoofu wa mm 40 utakuja kukulalia kwa wembamba hata mota ikiwa ngumu.

BimuNaNguzo

Naongezea kwenye mchanganyiko, maana hapo pana makosa matatu.

Maji 0.45 ya saruji pamoja na supaplastisaiza asilimia 1 ni mota ya kumimina kwenye fomu (kalibu), si ya kuchapa. Mchanga wa mm 5 kwenye mdomo wa mm 20 ni mkubwa, pitisha kwenye wavu wa mm 2. Na mchanga wenu una maji ambayo hamyahesabu. Umesema mwenyewe: siku umekauka mnavuka la tisa. Kilo 20 za mchanga wenye unyevu wa asilimia 3 zinabeba gramu 600 za maji, na 0.45 yako inakuwa 0.51 bila wewe kujua. Kila asubuhi pima gramu 500 za mchanga, ukaange kwenye sufuria hadi usitoe mvuke, upime tena. Tofauti hiyo ndiyo unayoitoa kwenye maji ya fungu.

Anzia hapa, kwa fungu la lita 12 hivi: saruji kilo 8, unga wa jiwe la chokaa kilo 2, mchanga mkavu kilo 13, maji lita 3.7 jumla, nyuzi za plastiki ya polipropilini za mm 6 gramu 12. Supaplastisaiza anza na gramu 40, kisha ongeza gramu 5 tano ukipima vidonge, mpaka pampu isukume bila kulazimishwa. Saruji iwe ile ile 42.5. Ya 32.5 yenye pozolana (unga wa asili ya volkano) inashika polepole, na kwa kazi hii utajuta.

Mpira kuziba: fungu lako ni lita 15, mpira unashika lita 2, tabaka moja linakula lita 1.44. Piga hesabu uone, fungu la kwanza linakwisha kwenye tabaka la tisa. Wakati mnachanganya la pili, mota imelala tuli ndani ya mpira, pengine juani. Ikisimama inakaza, na ukiisukuma tena maji yanatangulia mbele huku mchanga ukibaki nyuma ukifunga njia. Fungu la pili liwe tayari kabla la kwanza halijafika robo ya hopa (tangi la kulishia pampu). Mpira ufunike kwa gunia lenye maji. Na kabla ya mota pitisha uji wa saruji, lita moja au mbili, ulainishe kuta za mpira. Ukikosa hilo, mota ya kwanza inaacha uji wake kwenye mpira mkavu na inaziba hata kabla hujachapa.

Dawa ya kukazia haraka msiiguse kwa sasa. Inatakiwa ichanganywe pale mdomoni kwa pampu ya pili. Ukiitia kwenye hopa utanunua mpira mpya.

Mchanga_wa_Sabaki

Shukrani sana. Na lile vumbi la matumbawe? Mchanga je, wa Sabaki una neno?

BimuNaNguzo

Vumbi la misumeno ya machimboni ni jiwe la chokaa, kwa hiyo linaweza kushika ile nafasi ya kilo 2. Masharti ni mawili. Lipite ungo mwembamba kabisa, mm 0.15 au chini, la sivyo ni mchanga mwingine tu. Tena tumbawe lina vitundu, linakunywa maji: mota inatoka kwenye mashine ya kuchanganyia ikiwa laini, ikifika mdomoni imekauka. Loweka vumbi na sehemu ya maji ya fungu dakika 10 kwanza, halafu pima vidonge mara mbili, mota ikitoka kuchanganywa na baada ya dakika 20. Ikiwa uzito wa kidonge umepanda sana, punguza vumbi.

Ukitaka kupunguza klinka (mawe yaliyochomwa yanayosagwa kuwa saruji) kwa kiasi cha maana, tazama saruji ya LC3, iliyofanyiwa kazi sana na kikundi cha Karen Scrivener pale chuo kikuu cha EPFL, Uswisi. Mchanganyiko wake wa kawaida ni klinka 50, udongo wa mfinyanzi uliochomwa 30, unga wa jiwe la chokaa 15, jasi 5. Ule udongo uliochomwa unaipa mota ukaidi wa kusimama, na hicho ndicho mchapaji anachotafuta, ila unakula supaplastisaiza zaidi.

Mchanga wa Sabaki shida yake ni tope. Tia mchanga kwenye chupa ya kioo iliyonyooka, ongeza maji yenye chumvi vijiko viwili vya chai kwa lita, tikisa, acha saa tatu. Tope linakaa juu ya mchanga kama utando mwekundu. Likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, osha. Na usichukue mchanga kule bahari inakopanda. Chumvi inaharakisha kushika siku moja na siku nyingine haipo, utatafuta kosa kwenye pampu bure. Ukiweka nondo ndani ndiyo mbaya zaidi: kiwango cha Ulaya cha EN 206 kwa zege yenye chuma ni kloridi asilimia 0.2 au 0.4 ya uzito wa saruji. Maji ya kisima chenye ladha ya chumvi yaingize kwenye hesabu hiyo hiyo.

langoni_lamu

Mnasahau upepo. Ukuta wa kuchapwa hauna fomu ya kuufunika, unakauka pande zote mbili tangu dakika ya kwanza. Kaskazi ikivuma mchana utaona nyufa za nywele, wima, kila nusu mita hivi, kabla mota haijashika. Watu husema saruji ni mbaya. Saruji haina kosa hapo.

Kipimo chake: sinia la sm 30 kwa sm 30 lenye maji, juu ya mizani, pale pale mashine ilipo. Likipoteza gramu 45 kwa nusu saa, hiyo ni kilo moja kwa mita ya mraba kwa saa, na hapo nyufa ziko njiani. Chapa alfajiri, weka kizuizi cha makuti upande wa upepo. Ukimaliza funika kwa gunia lenye maji lililotundikwa, lisiguse ukuta mbichi, kisha weka unyevu siku 7. Na ile nasaha ya sekunde 90 ni sawa kabisa, ila kwenye upepo uso wa tabaka unakauka katikati ya mzunguko na la juu halishikani na la chini. Angalia uso: uking'aa endelea, ukipauka nyunyiza ukungu wa maji, si matone.

Nami nina swali langu. Huku Lamu mashine ya fremu kubwa haipiti vichochoroni, na Mji wa Kale uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, saruji haitakiwi kwenye kuta za matumbawe. Je, chokaa inachapika? Nafikiria vipande vya zidaka (vishubaka vya ukutani), vichapwe karakanani, vibebwe na punda.

Ungo_na_Mizani

Inachapika, kwa kimo kidogo. Chokaa iliyolowekwa ina ugumu mzuri tangu mwanzo, kidonge chake ni kizito. Lakini kwa hesabu ile ya deni, hailipi karibu chochote: inakaza kwa hewa, kwa majuma na miezi, si kwa dakika. Ile akiba ya mwanzo ndiyo yote uliyo nayo. Ukianza na Paskali 1,200, ni tabaka 10 za mm 10 kisha simama. Kwa zidaka inatosha: chapa vipande vya kimo cha sm 8, acha vikae kwenye unyevu kwa siku kadhaa, viungane kwa chokaa ile ile.

Ukitaka zaidi, changanya unga wa vigae au matofali yaliyochomwa kwa moto mdogo, robo ya uzito wa chokaa. Unaifanya ishike hata kwenye unyevu. Mchanga wa mm 1, na mkonge uliokatwa mm 10 dhidi ya nyufa, maana chokaa inasinyaa kuliko saruji.

Mchanga_wa_Sabaki

Swali la mwisho. Ukuta huu ukipata kimo, unaweza kubeba paa?

BimuNaNguzo

Usiuchukulie hivyo bila vipimo. Mota iliyochapwa haina nguvu sawa kila upande. Kata vipande kutoka kwenye ukuta wenyewe, uviminye kwa pande tatu na uvivute kwenye kiungo cha matabaka, kwa sababu kiungo ndicho dhaifu. Vipande vya kumiminwa kwenye fomu vitakupa namba tamu isiyo ya kweli.

Njia ya kawaida ni kuufanya ukuta uliochapwa kuwa fomu inayobaki: acha matundu kwenye pembe na kila baada ya mita kadhaa, tia nondo wima, mimina zege, funga juu kwa ringi bimu (mkanda wa zege unaozunguka kuta), paa likae hapo. Mimina kwa vipande vya nusu mita, ukiacha kila kimoja kishike, la sivyo zege mbichi inapasua ngozi ya mm 40. Zile nyumba za Mvule Gardens pale Kilifi, za kampuni ya 14Trees kwa mashine ya kuchapa ya BOD2, zimechapwa kuta tu, paa ni la kawaida. Nenda ukazitazame kwa nje, hasa pembe na chini ya madirisha. Kiwango cha ISO/ASTM 52939 cha 2023 kinahusu namna ya kusimamia na kuthibitisha kazi yenyewe. Hesabu ya mzigo inabaki kwa mhandisi.

langoni_lamu

Na mpira uoshe kabla ya kunywa chai. Sponji ya duara, maji, mara tatu.