Naomba ushauri: kupanda Mlima Washington mwezi wa Aprili

Mwana wa Kisauni: Assalaam alaykum wanajamvi. Dada yangu anaishi Massachusetts, Marekani, nami nitamtembelea Aprili, na tumepanga siku moja ya kupanda Mlima Washington ulioko New Hampshire. Mimi ni mtu wa pwani, baridi kali naijua kwa kusikia tu, na usiku silali vizuri kwa kuiwaza safari hii. Kongowea nimepata koti nene na buti za mtumba zenye soli za meno marefu ya mpira. Je, koti moja litatosha, au niongeze la pili?

Binti Mvita: Mimi nilipanda Mlima Kenya hadi Point Lenana, mita 4,985, kwa koti moja, na kilichonitesa ni kichwa kuuma wala si baridi. Tulipofika juu alfajiri, mwenzangu alitapika akataka kurudi. Huo wako una mita 1,917 tu, kwa hiyo usijitie hofu.

Mzoefu wa Theluji: Bi Mvita, kimo kisikudanganye. Kwenye kilele hicho, tarehe 12 Aprili 1934, ulipimwa upepo wa kilomita 372 kwa saa. Ndugu wa Kisauni, koti linaweza kungoja. Theluji iliyoshindiliwa na miguu ya wapandaji majira yote ya baridi hubaki katikati ya njia ikiwa ukanda wa barafu. Mchana jua huyeyusha uso wake, usiku maji yale huganda tena, na asubuhi unaikuta njia ngumu na laini kama kioo. Mpira haushiki hapo, uwe na meno marefu namna gani. Yanahitajika meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti, na kwenye miinuko mikali shoka la barafu na ujuzi wa kulitumia. Ukikanyaga kando ya ukanda huo, mguu huzama hadi pajani. Unapanda na nani?

Mwana wa Kisauni: Na mwenyeji anayeijua njia.

Mzoefu wa Theluji: Mwenyeji huyo ana umri gani, na amewahi kupanda wakati wa theluji?

Mwana wa Kisauni: Ni mpwa wangu, ana miaka 13. Dada atakuwa kazini siku hiyo. Kijana alipanda na baba yake Agosti iliyopita na anakumbuka kila kona. Tiketi nimekwisha lipa, na mtoto nimemwahidi.

Mama wa Tudor: Mwanangu, mtoto wa dadako ni amana. Je, mama yake anajua mnakokwenda?

Mkaazi wa Makupa: Mlima huo una reli ya kupanda kileleni tangu 1869, tena una barabara ya magari. Na mtoto wa miaka 13, Aprili hayuko shuleni? Naona uzi huu umetungwa.

Mwana wa Kisauni: Sijatunga. Shule nyingi za huko hufungwa wiki ya sikukuu ya Patriots' Day, katikati ya Aprili, na barabara hiyo haipitiki kwa magari ya wageni majira ya theluji. Dada anajua tunakwenda mlimani. Habari ya barafu sijamwambia, kwa sababu angekataa.

Mama wa Tudor: Basi mpigie leo, kabla hujafunga begi.

Mzoefu wa Theluji: Nami nasema hivyo hivyo. Akiridhia, anzieni Pinkham Notch, chini ya mlima, asubuhi na muishie Hermit Lake, ziwa dogo lililo njiani kabla ya kilele, maana juu yake ni bonde la Tuckerman, ambako maporomoko ya theluji yameua watu. Someni kwanza utabiri wa kituo cha hali ya hewa kilichoko kileleni. Jinzi na fulana za pamba ziacheni nyumbani, kwani zikilowa huunyonya mwili joto.

Mwana wa Kisauni: Kuishia Hermit Lake nimekubali, ingawa kijana alitaka kilele. Dada nitampigia akitoka kazini. Je, hayo meno ya chuma hupatikana kwa saizi ya mtoto?

Mzoefu wa Theluji: Hupatikana, lakini mpeleke dukani na buti zake ayajaribu, kwa sababu yakilegea huchomoka. Myavae mara tu mkutanapo na barafu, msingoje mpaka mteleze.