Kulala usiku mmoja hoteli ya barafu Jukkasjärvi, Uswidi: mama ana miaka 63, naomba maelekezo

binti_wa_Mkwakwani
Habari zenu wakuu. Februari mama anakuja Uppsala kutoka Tanga, na ameshikilia kwamba lazima alale kwenye ile hoteli ya barafu ya Jukkasjärvi, karibu na Kiruna. Chumbani ni nyuzi 5 hadi 8 chini ya sifuri usiku kucha. Anatembea vizuri, presha yake imetulia kwa dawa, anavaa ushungi na nywele husuka. Avae nini akilala? Choo kikoje? Dawa na simu viwekwe wapi? Na je, kwa umri wake ni sawa, au nimpeleke mchana tukatazame tu?

njia_ya_Marangu
Mpe mama shikamoo zangu.

Kwanza aelewe chumba chenyewe. Kuta ni theluji iliyochanganywa na barafu, inapulizwa juu ya vyuma vilivyopindwa umbo la tao, na ikishaganda vyuma vinatolewa. Theluji imejaa hewa ndani yake, kwa hiyo joto halipiti upesi: nje inaweza kufika hasi 30, ndani inabaki palepale hasi 5 hadi hasi 8. Tena hakuna upepo. Anayejua usiku wa Kibo Hut, kambi ya wapanda Kilimanjaro, atashangaa, maana kule mwinuko ni zaidi ya mita 4,700, upepo unapiga na kichwa kinauma kwa uhaba wa hewa. Jukkasjärvi ni kijiji cha kando ya mto Torne, pumzi haibani.

Kitanda ni bonge la barafu, juu yake mbao, kisha godoro, kisha ngozi za kulungu wa kaskazini. Mfuko wa kulalia unatolewa na hoteli. Hapo ndipo wengi wanapokosea: mfuko hautengenezi joto, unazuia tu joto la mwili lisitoroke. Ukiingia umeshapoa, utalala umepoa. Ukiingia na unyevu ni mbaya zaidi, kwa sababu maji hunyang'anya mwili joto haraka kuliko hewa kavu.

Kwa hiyo ale chakula cha jioni cha kushiba, chenye mafuta. Nguo abadilishie kwenye jengo la joto: avue zote alizoshinda nazo, hata kama zinaonekana kavu, maana soksi za kutwa zina jasho. Avae fulana ya mikono mirefu na suruali ndefu ya ndani, zote za sufu au za kitambaa cha michezo kisichoshika maji. Pamba hapana kabisa. Soksi pea moja ya sufu isiyobana, na kofia. Juu yake avae ovaroli na viatu vya baridi vya kutembelea hadi chumbani, na kabla ya kutoka apige hatua za nguvu dakika mbili tatu damu ichemke, bila kufika kwenye jasho. Akifika atandike mfuko juu ya ngozi, aukalie, avue viatu na ovaroli, aingie, afunge zipu, kisha avute kamba ya kichwani mpaka vibaki wazi pua na mdomo tu.

Sasa makosa matatu ninayotaka uyakariri. La kwanza ni kulala na jaketi. Saa sita anatoka jasho, saa tisa lile jasho limepoa na anatetemeka, halafu anasema mfuko mbovu. La pili ni soksi pea mbili zinazobana. Damu haifiki vidoleni. La tatu ni kuficha uso ndani ya mfuko. Pumzi ni mvuke, na usiku mzima wa pumzi unalowesha mfuko kuanzia shingoni kushuka. Pua ikipata baridi, ajifunge kitambaa chembamba cha sufu juu yake.

Akiamka anasikia baridi, asitoke. Akaze misuli ya mapaja na tumbo, aachie, arudie mara nyingi. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa barabara na kuvikwa soksi, ikiwekwa kati ya mapaja, inasaidia sana.

nesi_wa_zamu
Kuhusu presha. Baridi hubana mishipa ya damu na presha hupanda, hata kwa mtu ambaye dawa zinamfaa. Daktari wake wa Tanga amwone kabla hajapanda ndege na aambiwe wazi: usiku mmoja kwenye baridi ya hasi 5, nje huenda hasi 30. Muulizeni pia kama kati ya dawa zake kuna ya kukojoza, na aimeze saa ngapi siku hiyo. Wengi huimeza asubuhi, lakini ratiba ikivurugwa na safari ikamezwa jioni, mama atakesha njiani kwenda chooni.

Maana choo hakipo kwenye vyumba vya kawaida vya barafu. Kipo jengo la joto: kila safari ni kutoka mfukoni, kuvaa viatu vilivyokwisha kuwa vigumu kwa baridi, kutembea na kurudi. Kila safari inamwaga joto lote lililokusanywa. Apunguze chai kuanzia saa moja jioni na aende chooni mwisho kabisa kabla ya kuingia kitandani. Akisikia haja usiku aende, asijibane. Aketi kwanza kitandani nusu dakika ndipo asimame, asije akapata kizunguzungu.

Pombe si kinga. Inafungua mishipa ya ngozi, mtu anajisikia moto huku joto linamtoka.

Kwa wasomaji wengine: mwenye selimundu asilale humo, baridi ni moja ya vichochezi vya maumivu makali. Mwenye pumu awe na pampu yake ndani ya mfuko. Insulini isigande kamwe. Ikishaganda ni ya kutupa hata kama imeyeyuka na kuonekana safi. Iachwe jengo la joto.

Zuhura_Kiruna
Dada, nywele. Nywele zilizosukwa hukaa na maji saa nyingi katikati ya msuko ingawa juu pakavu. Aoshe siku mbili kabla, si siku ileile. Ushungi wa pamba auache kabatini alale na wa sufu nyembamba, kofia juu yake. Hereni na bangili avue. Chuma kinapitisha baridi moja kwa moja kwenye ngozi.

Udhu achukulie jengo la joto na aswali hukohuko. Akaushe miguu hadi katikati ya vidole ndipo avae soksi. Midomo na uso apake mafuta mazito, hewa ya huko ni kavu mno.

betri_na_lenzi
Simu na betri za kamera zilale ndani ya mfuko pamoja naye, kwenye baridi chaji inaporomoka. Usichaji simu iliyopoa chini ya sifuri, betri inaharibika. Isubiri ipate joto. Kamera ukiitoa baridini ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado huko nje, uifungue ndani baada ya saa moja au mbili. La sivyo mvuke wa chumba unatua kwenye lenzi na ndani ya mashine.

Masanduku hayaingii chumbani, kuna sehemu ya kuyahifadhi kwenye joto.

binti_wa_Mkwakwani
Nashukuru sana nyote. Hilo la choo ndilo linanitia wasiwasi. Hakuna chumba cha barafu chenye choo chake?

njia_ya_Marangu
Kipo. Hoteli ya msimu hujengwa upya kila mwaka kwa barafu ya mto Torne, hufunguliwa Desemba na huachwa iyeyuke inapofika majira ya kuchipua. Lakini tangu 2016 kuna pia jengo la kudumu linalopozwa mwaka mzima, na humo vyumba vya daraja la juu vina bafu la joto ukivuka mlango tu. Ni ghali zaidi, lakini kwa mtu wa miaka 63 mwenye presha mimi nisingefikiria kingine. Kwa hiyo jibu langu ni alale, ila alale huko. Chukua usiku mmoja tu wa baridi, na usiku wa kabla yake muweke chumba cha kawaida cha joto palepale, apumzike safari na ajaribu nguo zote. Akishindwa katikati ya usiku, jengo la joto liko wazi, aende bila kuona haya.

Usiogope pia kuona king'ora cha moto kwenye chumba cha barafu. Mamlaka ya ujenzi ya Uswidi iliwalazimisha kuviweka mwaka 2013, kwa sababu magodoro na ngozi vinaweza kuungua na moshi ndio unaoua.

Viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Uswidi, huombwa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Msisubiri hizo siku 15. Bima ya matibabu ya angalau euro 30,000 ni sharti. Isome vizuri uone kama inagharamia ugonjwa aliokuwa nao kabla ya kusafiri, na kama presha haikutajwa, itajwe kwa maandishi kabla hujalipa.