Nimhoji vipi mteja bila kumtia maneno mdomoni? Nipo mafunzoni, Wete

Mwanagenzi_Wete
Assalaamu alaykum. Nasomea usaidizi wa kisheria. Sheria naielewa, tabu ni mteja akishakaa mbele yangu: ama nauliza maswali ya ndio na siyo, ama anazungumza saa nzima na daftari halina tarehe hata moja. Kesi nyingi ni matunzo ya watoto na mashamba. Kwenye suluhu ndio sijui hata pa kuanzia. Wenye uzoefu naomba mnielekeze.

BintiKaratasi
Waalaykumu ssalaam. Kabla ya kisa, uliza jina la anayelalamikiwa na anakoishi. Pemba watu ni jamaa. Ukija kugundua katikati kuwa ni mtoto wa ami yako, siri za mteja umeshazisikia. Aliyemsindikiza, awe mama mkwe au sheha (kiongozi wa mtaa), mwombe kwa adabu asubiri barazani. Akiwepo, mteja atasema yale yanayomridhisha yeye.

Kisha mwambie "hebu nieleze tangu ilipoanza", uweke kalamu chini, unyamaze dakika tano. Nani, wapi na lini ziulize baadae. "Alikufukuza, siyo?" ni maneno yako, si yake, kadhi akimuuliza atajibu vyengine, na kesi nyingi huangukia hapo.

Ukurasa wa daftari upige mstari wa wima. Kushoto andika aliyoyashuhudia mwenyewe, kulia aliyoambiwa. Akisema "mume wangu kauza mikarafuu", je, alikuwepo wakipatana au kaambiwa na jirani? Kama kaambiwa, andika kulia pamoja na jina la jirani, maana huyo ndiye shahidi wa kumtafuta. Ukimaliza msomee yote asahihishe.

MjukuuWaMkulima
Naongeza la tarehe. Wengi watakwambia "Mfunguo Mosi" (mwezi wa Shawwal, baada ya Ramadhani) au "wakati wa kuchuma karafuu". Liandike kama alivyosema, kisha muulize ni wa mwaka gani, kwa sababu miezi ya Kiislamu hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mfunguo Mosi wa 2024 ulianza Aprili 10, wa 2025 ukaangukia mwishoni mwa Machi. Ukikisia tu, barua ya madai itapingana na cheti cha talaka.

Kwenye mashamba uliza: ardhi au miti? Kwetu mikarafuu huweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikatumiwa na mwengine, na kwa sheria ya ardhi ya 1992 ardhi yenyewe ni ya umma. Anayesema "shamba langu" pengine karithi miti kumi tu. Ihesabuni, na uulize nani mwengine aliyerithi.

Mpatanishi_Mkoani
Suluhu huanzia kwenye hesabu, kabla hamjakutana na upande wa pili. Kaa na mteja mwandike chakula, skuli, nguo na dawa za watoto kwa mwezi. Tuseme imefika 180,000. Hapo mpange mambo matatu: mtaomba ngapi, chini ya ngapi hashuki, na wasipoelewana atafanya nini. Asiye na jibu la hili la tatu hukubali chochote anachopewa.

Muangalie na mlipaji anapata pesa lini. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi giza, yaani siku za mwezi ambazo usiku hauna mbalamwezi. Mbalamwezi taa zake hazivuti kitu. Ukimwandikia alipe kila tarehe 30, miezi mengine itamkuta mfukoni hana hata senti, na mapatano yatavunjika bila ya ubaya wa mtu. Andikeni alipe kila giza linapomalizika, kwa simu ili kumbukumbu ibaki, na muandike itakuwaje akichelewa. Wasaini wote wawili na mashahidi, kila mmoja achukue nakala yake.

Yasipomalizika, mbele ya kadhi atasema mteja mwenyewe. Wewe si wakili. Mfanyishe mazoezi ya dakika tatu: anaomba nini, kwa sababu gani, ushahidi gani anao. Ombi litangulie. Akianza na historia ya ndoa, ataulizwa "sasa unataka nini?" na atababaika.

Na nyinyi wanafunzi jifunzeni watatu watatu: mmoja ahoji, mmoja awe mteja, wa tatu ashike saa na ahesabu mara ulizomkatiza. Hiyo hesabu itakufundisha kuliko mimi.

Mwanagenzi_Wete
Ahsanteni sana. Na wazee wa pande mbili wakitaka kesi ya mtoto aliyedhalilishwa kijinsia iishe nyumbani, msaidizi akae nao awasuluhishe?

BintiKaratasi
Hapana, mdogo wangu. Udhalilishaji ni jinai, hauna suluhu, na wewe usikae kikao hicho hata kama shahidi. Mtoto apelekwe kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali, pana daktari, polisi na mshauri pamoja. Asikogeshwe kwanza. Nguo zisifuliwe, zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu kwenye plastiki hupata unyevu na ushahidi huharibika. Na usimhoji upya. Akikwambia kitu mwenyewe, andika maneno yake yale yale, na saa aliyoyasema.